Kule na Pale: Mstari wa Mwelekeo, Ramani ya Kidijitali na Mahali pa Masimulizi

Katika nakala za masimulizi zilizohifadhiwa na idara za fasihi humu nchini kuna maneno machache ambayo hurudi mara kwa mara ndani ya mabano: anaonyesha kwa mkono. Msimulizi amesema kule. Mtafiti, akiwa na kinasa sauti mbele yake, ameona mkono ukiinuka, na kwa kuwa chombo hicho kina masikio lakini hakina macho, ameandika mabano yake na kuendelea na kazi. Miaka inapita. Msimulizi anafariki, mtafiti anahitimu na kwenda zake, na msomaji wa nakala anabaki na neno ambalo halielekei popote. Mkono uliokuwa ukilipa neno hilo maana umekwisha kuzikwa.

Hasara hii haijazungumzwa vya kutosha. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, wahakiki wamesisitiza, na ni haki yao, kwamba masimulizi hayawezi kutenganishwa na utendaji: sauti, wimbo, hadhira, mwili wa fanani. Hata hivyo, mahali panapotajwa katika masimulizi pamezoeleka kushughulikiwa chini ya kichwa cha mandhari, kana kwamba pote pamebuniwa kama chumba cha mhusika wa riwaya. Ilhali msimulizi wa visakale na wa historia ya ukoo mara nyingi hazungumzii mahali pa kubuni. Anazungumzia jiwe analoliona wakati huo huo anapozungumza, na anadhani kwamba msikilizaji wake naye analiona.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe imeliweka suala hili wazi kuliko wahakiki wake. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliwaeleza wanafunzi wake kwamba ngeli za mahali ni tatu: pa- kwa mahali mahususi, ku- kwa mahali pasipobainishwa au kwa upande tu, na mu- kwa ndani. Ni somo la mwaka wa kwanza, na kwa sababu hiyo husahauliwa kufikia mwaka wa pili. Mtu anayesema kule ametoa upande. Mtu anayesema pale ametoa nukta. Kati ya maneno hayo mawili kuna safari, na safari hiyo ndiyo hasa kazi ya mstari wa mwelekeo katika ramani: mstari mmoja hutoa kule; mistari miwili inayokatana hutoa pale.

Jambo hili lilidhihirika kwa mtafiti mmoja wa shahada ya uzamili aliyekwenda Kasigau, katika kaunti ya Taita Taveta, kukusanya masimulizi ya uhamisho. Historia yenyewe inajulikana. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kiingereza uliwashutumu wenyeji wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani waliokuwa wakivuka mpaka kutoka Tanzania ya leo, ukawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko. Walionusurika, pamoja na watoto waliozaliwa ugenini, walirejea baada ya miaka mingi kwenye mlima ambao wengine kati yao walikuwa wakiujua kwa kusikia tu. Kwa watu wa namna hii kuonyesha kwa kidole si ishara ya kupambia maneno. Ndiyo njia ambayo mahali palirithishwa.

Msimulizi alikuwa mzee aliyeketi uani kwake, katika kijiji kimoja chini ya mlima. Alieleza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kikasigau, jinsi bibi yake mzaa baba alivyotolewa nyumbani. Alipofika kwenye nyumba yenyewe aliinua mkono.

"Kule, mwanangu. Chini ya lile jiwe jeupe, juu kidogo ya mti. Umepaona?"

"Ndiyo, babu," alijibu mtafiti, ambaye hakuwa ameona chochote isipokuwa mteremko mrefu wenye mawe mengi meupe na miti isiyo na idadi.

Usiku ule, alipokuwa akinakili kanda, mtafiti alisita kwenye sentensi ile. Mzee alianza kwa ku- na kumaliza kwa pa-. Alisema kule, kisha akauliza umepaona. Kwa mzee, mahali palikuwa mahususi tangu mwanzo. Upande aliutoa kwa ajili ya mgeni, na mara alipodhani mgeni ameufuata mkono wake, alirudi kwenye pa- yake. Upungufu haukuwa katika maelezo ya mzee. Ulikuwa katika macho ya msikilizaji, na uongo mdogo wa adabu, ile "ndiyo, babu", ulikuwa umeuficha. Ni nakala ngapi za fasihi simulizi zimejengwa juu ya ndiyo za namna hiyo!

Asubuhi iliyofuata alirudi, akakiri kwamba hakupaona, akaomba mzee aonyeshe tena. Safari hii alikuwa na simu yenye dira na programu ya ramani inayomruhusu mtu kuchora mstari kutoka mahali aliposimama kuelekea pembe anayoitaka. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mwelekeo hupimwa kwa nyuzi kuanzia kaskazini, kwa kufuata mzunguko wa mishale ya saa: mashariki ni nyuzi 90, kusini 180, magharibi 270, hadi kurudi kaskazini kwenye 360. Mtu husimama mahali panapojulikana, akalenga kitu anachokiona, akasoma namba, kisha akaichora katika ramani kama mstari unaoanzia miguuni pake. Kitu hicho kimo mahali fulani juu ya mstari huo. Akienda mahali pa pili na kulenga kitu kile kile, mstari wa pili utaukata wa kwanza, na hapo penye makutano ndipo kilipo. Njia hiyo hiyo hufanya kazi kinyumenyume kwa mtu aliyepotea: akilenga vilele viwili anavyovijua, akaongeza au kupunguza nyuzi 180 kwa kila namba na kuichora mistari kutoka vileleni, itakutana pale aliposimama yeye.

Wepesi huo lakini ni wa karatasini. Kwanza ni suala la mkono. Mtafiti aliyeketi mbele ya msimulizi huuona mkono kwa ubavu, wala hawezi kujua unalenga nini; inambidi ainuke, azunguke, asimame nyuma ya bega la mzee na kuinama hadi jicho lake lifike usawa wa jicho lile lingine. Mkao huu unavunja kaida zote za mahojiano zinazofundishwa darasani. Mtafiti hamtazami tena msimulizi bali anatazama pamoja naye, na yamkini hilo ndilo lililokuwa likikosekana.

Pili ni suala la sumaku. Dira ya simu ni kitambuzi kidogo cha uga wa sumaku wa dunia, na hudanganywa na kila chenye sumaku au chuma kilicho karibu: gari, mlingoti, kifuniko cha simu chenye kishikizo cha sumaku. Siku ile kilikuwapo kinasa sauti, kimeshikwa katika mkono ule ule, na ndani ya kipaza sauti chake mna sumaku. Chombo kilichokuwa kikihifadhi maneno ya mzee kilikuwa kikipotosha mwelekeo wa kidole chake. Mtafiti aligundua hayo kwa kutumia ujanja wa zamani wa wapima ardhi. Badala ya kuiamini dira moja kwa moja, alilenga kwanza kilele cha mlima, ambacho kimo katika ramani na hakina ubishi. Ramani ilisema kwamba kutoka uani pale kilele kiko kwenye nyuzi 152. Simu ikasema 158. Jiwe la mzee, kwa mujibu wa simu, lilikuwa kwenye 141. Alipunguza sita, akapata 135. Kwa umbali wa kilomita tatu hivi, nyuzi sita ni zaidi ya mita 300, yaani tofauti ya bonde zima. Aghalabu kosa la nyuzi moja huhama takriban mita 17 kwa kila kilomita, hivyo mtu anayelenga Kasigau akiwa Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, umbali wa kilomita 30 hivi, hukosea nusu kilomita kwa kila uzi mmoja. Ujanja wa kilele una manufaa mengine: unafuta pia ile tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, ambayo nchini Kenya ni ndogo lakini kwingineko duniani hufikia nyuzi kumi na zaidi.

Inafaa kusita kidogo hapa juu ya maneno. Neno ramani, ambalo leo humaanisha mchoro, wanaisimu hulihusisha na rahmani ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, nalo likatoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya mwongozo wa njia. Rahmani haikuwa picha. Ilikuwa kitabu cha maneno: kutoka bandari hii shika upande huu, hadi uione alama ile. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15 aliyeacha maandishi mengi ya nathari na ya mashairi juu ya elimu hii, aligawa upeo wa macho katika pande 32 zilizoitwa kwa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua. Mshairi na nahodha hawakuwa watu wawili. Kiswahili nacho kilihifadhi neno majira kwa maana ya njia ya chombo baharini, kabla maana ya msimu haijalifunika karibu kabisa. Gerardus Mercator alipotoa ramani yake ya dunia mwaka 1569, aliinyoosha makusudi ili mwelekeo usiobadilika uwe mstari mnyoofu, na jamaa ya mchoro wake ndiyo inayotumika hadi leo katika ramani nyingi za simu. Kwa hiyo mtu anayechora mstari wa mwelekeo juu ya kioo cha simu hafanyi jambo la ugeni. Anairudisha ramani kwenye kazi yake ya asili, ambayo ni kusema: kutoka hapa, elekea huku.

Kinyume chake, ile nukta ya buluu inayompa mtu mahali pake papo hapo ni jambo geni kweli. Kabla ya tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipoacha kuharibu kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake kwa watumiaji wa kiraia, kosa la vifaa hivyo lilifikia takriban mita 100. Sasa, penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea mita chache tu. Manufaa yake hayana shaka, na mtafiti yule aliitegemea nukta hiyo kujua aliposimama. Lakini nukta hutoa hapa pekee. Haijui kule. Mahali ambapo hakuna aliyebeba simu, na hasa mahali ambapo watu walitolewa mwaka 1915, hapana nukta yoyote, na kama mtu aliye hai hapaonyeshi, ramani haina la kusema.

Mstari wa pili ulichukua siku mbili kupatikana, kwa sababu wingu lilikuwa limekalia mlima. Jua lilipotoka, mjukuu wa mzee aliwachukua wote wawili kwa pikipiki, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye njia panda ya barabara ya vumbi upande mwingine. Mahali hapo palichaguliwa kwa kusudi. Mistari inayokatana kwa pembe nyembamba hutelezeana, na kosa dogo la upande mmoja huyavuta makutano mbali sana. Inayokaribia pembe mraba ndiyo iliyo thabiti. Kutoka njia panda ile pembe ilikuwa nyuzi 70 hivi.

Mzee alishuka, akautazama mlima kwa muda mrefu.

"Hapa mlima umegeuka," alisema.

Jiwe jeupe halikuonekana. Lilikuwa limejificha nyuma ya bega la mteremko. Mtafiti alikuwa tayari kukunja vyombo vyake. Mzee aliketi juu ya gogo, na bila kuombwa akaanza kusimulia upya. Kisa hakikuwa kile kile. Uani kwake kilikuwa kimeanza na askari. Hapa kilianza na maji, kwa kuwa kutoka njia panda huonekana korongo ambamo kijito hushuka wakati wa mvua, na bibi yake, kwa mujibu wa kisa hiki, alikuwa akitoka kuteka maji aliposikia kelele. Alilifuata korongo kwa kidole, kipindo kwa kipindo, akapanda pamoja na bibi yake na mtungi wake, hadi akafika.

"Pale," alisema. Safari hii hakusema kule.

Mwanafunzi wa nadharia ya fasihi atajua jina la jambo lililotokea hapo, au atalibuni. La muhimu ni kwamba toleo la pili la masimulizi lisingepatikana kwa maswali. Lilitokana na kuhamisha miguu ya msimulizi kilomita chache ili kuukamilisha mchoro wa ramani. Wahakiki huzungumza sana juu ya matoleo tofauti ya kisa kimoja, wakayaeleza kwa kumbukumbu, kwa umri, kwa hadhira, kwa itikadi. Ni nadra kuuliza fanani alikuwa ametazama wapi aliposema. Nakala mbili za kisa cha bibi yule, zikiwekwa mezani bila namba za mwelekeo, zingeonekana kupingana, na bila shaka angetokea mtu wa kuandika tasnifu kuthibitisha kwamba mojawapo ni ya baadaye. Kumbe zinakatana.

Mtafiti alitaka na mstari wa tatu. Tamaa hiyo inaeleweka, ila yafaa ijulikane inacholeta. Mistari mitatu haikutani katika nukta moja ila kwa bahati. Hufanya pembetatu ndogo, na karibu kila mtu hudhani kwamba mahali panapotafutwa pamo ndani yake. Sivyo. Ikiwa kila mstari una nafasi sawa ya kukosea kushoto au kulia, na makosa hayo hayategemeani, uwezekano wa mahali penyewe kuwa ndani ya pembetatu ni robo tu. Mara tatu kati ya nne pako nje. Pembetatu huonyesha jinsi mashahidi wanavyotofautiana. Haimfungii mtu ukweli zizini. Tena mtafiti alipoihamishia mistari yake kwenye karatasi ya zamani ya idara ya upimaji, ya kipimo cha 1:50,000, makutano yaliangukia korongo lisilo lenyewe, na nusura ailaumu kumbukumbu ya mzee. Kosa lilikuwa la karatasi na simu kutosikilizana: ramani zile zilijengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, na simu hutumia mfumo mwingine, na kati ya mifumo hiyo miwili nukta moja huhama takriban mita 300 katika nchi hii. Mzee alikuwa sahihi. Hakuwa na mfumo wowote isipokuwa mlima.

Mtafiti alipoonyesha makutano kwenye kioo cha simu, akiipanua picha ya setilaiti hadi mawe yakaonekana, mzee alivaa miwani, akatazama, akanyamaza. Kisha akauliza nani mwingine anaweza kupaona. Mtafiti alieleza kwamba tasnifu huwekwa katika maktaba, na siku hizi pia katika intaneti, na mtu yeyote mwenye namba hizo anaweza kwenda moja kwa moja.

"Basi mmoja uandike," mzee alisema. "Wa pili uniachie."

Hakueleza sababu, na mtafiti hakumlazimisha. Sababu si ngumu kukisia. Wataita wa zamani waliyahifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango na vivuli vya miamba, na si kila pango limekwisha kusahauliwa na wenyewe. Huko pwani, vigango vya Wamijikenda viling'olewa na kuuzwa ng'ambo, vikaingia katika makumbusho na katika nyumba za watu, na ni baadhi tu vilivyorudishwa. Misitu ya kaya iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 inajulikana na inalindwa. Yale yasiyo na orodha hulindwa na kutojulikana. Nukta katika ramani ya kidijitali haitofautishi mjukuu na mwizi. Mstari mmoja, kwa upande wake, ni wa kweli bila kuwa ufunguo: unathibitisha kwamba mkono uliinuka, ulielekea wapi na kutoka wapi, na kwamba nyumba ilikuwapo.

Idara za fasihi zinaweza kufanya hivyo tangu kesho, bila fedha wala kamati. Badala ya anaonyesha kwa mkono, iandikwe: anaonyesha, nyuzi 135, amesimama uani kwake, saa tatu asubuhi, mtafiti nyuma ya bega lake la kulia. Ni mabano marefu kidogo. Iwapo mstari wa pili upatikane, na upatikanapo uchapishwe au usichapishwe, hilo ni la mwenye mahali kuamua, na uamuzi wake uandikwe pia, kwani nao ni sehemu ya matini.

Wakati wa kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliufungua ukurasa wa kiambatisho wenye mstari mmoja uliopanda mlimani na kuishia katika ukingo wa karatasi, akauliza kwa nini kazi hiyo haikukamilishwa. Mtafiti alijibu kwamba imekamilika, na kwamba mstari wa pili upo. Mtahini alitaka kujua uko wapi. Ulikuwa umeandikwa kwa kalamu, namba na saa na jina la njia panda, katika daftari la hesabu la mjukuu wa mzee, na daftari hilo lilikuwa limebaki nyumbani kwao.